Msiba Ulionifikia Ikutha

Wenzangu wa darsa wamenitaka niyaandike yale niliyowahadithia usiku mmoja barazani. Wao wameona kuwa yana mafundisho ndani yake. Mimi naona kuwa yana aibu yangu vile vile. Basi nayaandika yote mawili.

Hapana katika sisi asiyeukumbuka mwaka wa 2020. Tarehe 13 Machi, siku ya Ijumaa, Serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona. Siku mbili baadaye skuli zikaamrishwa zifungwe. Tarehe 22 Machi ibada za jamaa misikitini na makanisani zikasimamishwa. Na tangu tarehe 27 Machi mtu hakuruhusiwa kuonekana nje kuanzia saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Sisi watu wa pwani, ambao siku zetu zapita baina ya msikiti na baraza, kupeana mikono na kuuliziana hali, tulijiona kama tulionyang'anywa dini yetu pamoja na mji wetu. Nimewasikia kwa masikio yangu watu wazima wakisema, "Sasa Uislamu umefungwa kwa kufuli." Neno hili liwekeni, nitalirudia.

Mimi kazi yangu ni kuuza nafaka. Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, huenda Ukambani kutafuta pojo, ambazo wenyewe huziita ndengu. Kwani pojo tunazozipika kwa nazi na kuzila na chapati nyingi zatoka katika mashamba yale makavu ya Kitui na Makueni, na walaji wengi hawajui. Ukishuka Kibwezi katika barabara ya Nairobi, wafuata njia ya kwenda Kitui, wavuka mto Athi, kisha wafika Ikutha kabla ya Mutomo. Ni mji mdogo wa maduka na vumbi jekundu, na watu wake ni wapole. Huko nilikuwa na mwenyeji wangu, Muislamu mwenye duka, nami nilifika kwake siku za mwanzo za Aprili.

Jumatatu ya tarehe 6 Aprili tukasikia katika redio kuwa Rais Uhuru Kenyatta amezifunga Mombasa, Kilifi na Kwale, asitoke mtu wala asiingie, kuanzia Jumatano ya tarehe 8 saa moja ya usiku, kwa muda wa siku 21. Nilikuwa na siku mbili nzima za kurudi kwa watoto wangu. Lakini magunia yalikuwa hayajatimia, na bei ilikuwa nzuri, nikasema nafsini mwangu, "Siku 21 si nyingi, na Ramadhani nitaiwahi." Lori likapita na magunia, kwa kuwa gari za mizigo ziliruhusiwa, na mwenye magunia akabaki. Zile siku 21 zikaongezwa, kisha zikaongezwa tena, na mimi sikuiona Mombasa mpaka ilipofunguliwa tarehe 7 Julai. Hii ndiyo aibu yangu ya kwanza. Simlaumu mtu.

Maisha ya Ikutha katika miezi ile yalinifundisha mambo ambayo huku mjini tulikuwa tukiyasikia tu. Siku za gulio zilizuiliwa katika kaunti nyingi, na mwenye mbuzi akakosa pa kumuuza. Vijana waliokuwa vibarua Mombasa na Nairobi walikuwa wamerudi kwao mikono mitupu, na kila nyumba imeongezeka vinywa. Tukaambiwa tunawe mikono kila mara. Agizo jema kabisa, lakini wapi maji? Katika sehemu ile mito mingi ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na mwanamke huufukua mchanga kwa kata mpaka yatokeze, kisha ayabebe maili kwa maili. Mwenyeji wangu aliweka mlangoni pa duka dumu la lita 20 lenye bomba dogo, na kipande cha sabuni kimefungwa kwa uzi. Alikuwa akimtazama kila anayefungua bomba lile kama mtu anayetazama fedha zake zikimwagika. Huko ndiko nilikojifunza kutawadha. Nimesoma tangu utotoni ya kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa maji ya kibaba kimoja, na kila siku nikifungua mfereji wa msikiti ukatiririka mpaka nimalize. Hadithi niliijua, kuitumia sikuwahi.

Ama swala, tulikuwa watu wanne katika chumba cha nyuma ya duka, pamoja na mke wa mwenyeji wangu na binti zake wawili nyuma yetu. Tarawehe tulizisali humo humo, na imamu alikuwa mimi, ambaye Mombasa sithubutu kukaribia mihrabu. Sura nilizozihifadhi zilikwisha mapema. Nikawa nazirudia, na hapana aliyelalamika.

Sasa lile neno la kufuli. Ndugu zangu, yatupasa tuwe waangalifu na maneno tunayoyatoa kwa uchungu. Msikiti kufungwa kwa dharura si jambo lililozuka mwaka 2020. Ibn Abbas (R.A.), siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwamuru muadhini wake asiite watu kuja kuswali, bali awaambie waswali majumbani mwao, na watu walipostaajabu, akawajulisha kuwa aliyekuwa bora kuliko yeye, yaani Mtume (S.A.W.), alifanya hivyo. Ikiwa matope yatosha kuwa udhuru, jee, maradhi yenye kuua? Na aliyekula kitunguu kibichi au thumu ameambiwa asiukaribie msikiti wetu mpaka harufu imtoke, kwa kuwa awaudhi wenzake. Harufu haijaua mtu. Tena yapo mafundisho ya Mtume kuwa mgonjwa au msafiri huandikiwa thawabu za yale aliyokuwa akiyatenda alipokuwa mzima na yuko kwao. Basi yule aliyekuwa na desturi ya kuswali Alfajiri jamaa, thawabu yake haikufungiwa na mtu. Ambaye hakuwa na desturi hiyo, naye alikuwamo katika waliolia sana, huyo sijui alikuwa akilia nini.

Katika kumi la mwisho la Ramadhani, mchana, simu ikaniletea khabari ya kufa ami yangu. Ami huyu ndiye aliyenilea baada ya kufa baba. Nyumba yake iko Mji wa Kale, nao tangu tarehe 6 Mei ulikuwa umefungwa peke yake ndani ya Mombasa iliyokwisha fungwa, kufuli juu ya kufuli. Hakufa kwa Korona. Moyo wake ulikuwa mgonjwa miaka mingi. Lakini siku zile kila maiti alitiliwa shaka, na majirani waliogopa kwa mambo mawili: kuambukizwa, na kuchukuliwa kuwekwa karantini. Walikuwako hata waliojificha wasipimwe, wakakaa na homa majumbani mwao mpaka hali ikawa mbaya. Mwenyezi Mungu atusamehe sote. Khofu humfanya mtu afanye yale ambayo akiyahadithiwa hayasadiki.

Nilitaka kwenda. Kijana mmoja wa pikipiki akaniambia kuwa ana jamaa yake awezaye kunipitisha njia za panya mpaka Kwale kwa shilingi 6,000, na nyingine za kuwapa watu wa njiani. Fedha nilikuwa nazo, na viatu nilikwisha vivaa. Mwenyeji wangu hakunishika mkono wala hakuniombea ulinzi, aliketi mlangoni pake akanikumbusha safari ya Sayyidna Umar (R.A.).

Umar alitoka Madina kwenda Sham, na alipofika Sargh akapokewa na maamiri wake wakamwambia kuwa tauni imeingia katika nchi. Akashauriana na Muhajirina na Ansari, wakakhitalifiana. Kisha akaazimia kurudi. Abu Ubaida bin Jarrah, naye ni mmoja wa watu kumi waliobashiriwa Pepo, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa naam, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari nyingine ya Mwenyezi Mungu, na akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ya majani na moja kavu: popote atakapowalisha amewalisha kwa kadari ya Mungu. Kisha akaja Abdulrahman bin Auf, ambaye hakuwapo katika shauri lile, akawahadithia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.), kuwa mkisikia tauni iko katika nchi msiiendee, na ikishuka katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Umar akamshukuru Mungu, akageuka akarudi. Abu Ubaida alikuwa katika nchi ile, na kwa tauni hiyo ya Amwas akafa, mwaka wa 18 wa Hijra.

"Nawe," akasema mwenyeji wangu, "ukitoka hapa utaingia katika mji uliozuiliwa, kwa kuwapa watu rushwa, ili uende kutenda jambo la kheri. Utaanzia wapi nia yako?"

Nikavua viatu. Sikuvivua kwa ucha Mungu. Nilivivua kwa kuwa sikuwa na jawabu.

Tukangoja mpaka binamu yangu aliponijulisha kuwa maiti amekwisha oshwa na kukafiniwa; kisha sisi wanne tukaelekea Kibla tukamswalia swala ya ghaibu, takbiri nne, pasipo kurukuu wala kusujudu. Madhehebu yetu ya Shafii yairuhusu, na asili yake ni Mtume (S.A.W.) mwenyewe, alipowapa masahaba khabari ya kufa Najashi, mfalme wa Uhabeshi, akawapanga safu akamswalia hali ya kuwa maiti yuko nchi ya mbali. Huko Mombasa ami alizikwa kabla ya saa ya kutotoka nje. Sharti la wakati ule lilikuwa wasizidi watu 15 mazikoni, nao hawakutimia hata hao. Yule mzee aliyewasomesha watoto wa mtaa mzima, ambaye siku nyingine jeneza lake lingegombaniwa, alibebwa na wanawe na majirani wachache waliovaa barakoa.

Jee, alikosa nini? Nimejiuliza swali hili usiku mwingi. Aliyo nayo maiti juu yetu ni manne: kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kuzikwa. Yote manne aliyapata. Wingi wa watu katika swala ni kheri kubwa, silipunguzi hilo. Lakini hapana faradhi hata moja iliyopotea. Zilizopotea ni chai ya siku tatu, mahema, viti vya kukodi, masufuria ya wali, na wageni wanaokuja kula wakazungumza siasa huku wafiwa wakihangaika kutafuta sukari.

Na hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Jioni ya siku ile ile, jua likikaribia kuzama, tukasikia hodi mlangoni pa nyuma. Alikuwa bibi mmoja wa Kikamba, jirani wa mwenyeji wangu, Mkristo, amevaa barakoa ya kitambaa. (Kiwanda cha kushonea nguo cha Kaunti ya Kitui kilikuwa kimegeukia kazi ya kushona barakoa mwaka ule, na jambo hilo lilinifurahisha, kwani tumezoea kudhani kuwa kila kitu cha maana lazima kiteremke bandarini kwetu.) Mikononi alikuwa na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde. Hakuingia. Aliiweka kizingitini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasema kuwa amesikia mgeni amefiwa na baba, na kwao aliyefiwa hapiki. Tena amewauliza watoto twafuturu saa ngapi ili chakula kisipoe. Kisha akaenda zake.

Mtume (S.A.W.), ilipomfikia khabari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, aliamrisha watu wawapikie chakula jamaa zake Jaafar, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Hadithi hii wanavyuoni wetu wameieleza, na wakachukia jamaa wa maiti kuwapikia watu. Nimeisikia darsani mara nyingi, tena mimi mwenyewe nimeihadithia. Lakini katika umri wangu wote, mara ya kwanza kuiona ikitendeka mbele yangu, na mimi ndiye mfiwa, aliyeitenda alikuwa bibi ambaye hakuwahi kuisikia. Kwetu sisi tunaoisoma, mlango wa mfiwa ndio mkahawa wa mtaa.

Nilikula muthokoi ule kwa tonge kubwa na machozi. Chumvi ilikuwa kidogo.

Nilidhani, ndugu zangu, kuwa baada ya mwaka ule tutakuwa watu wengine. Tulikwisha ona kwa macho kuwa arusi hutimia kwa walii, mashahidi wawili, mahari na kauli ya kuoza na kukubali, na bibi arusi akaenda kwa mumewe bila ya deni. Tulikwisha ona kuwa msaada wafika kimya kimya: katika siku zile kutuma kwa simu fedha zisizozidi shilingi 1,000 hakukutozwa ada, na najua nyumba zilizokula daku kwa shilingi mia mbili mia tatu zilizotumwa na watu wasiojitaja. Vijana wa mitaa yetu waligawa unga na mafuta milango ikiwa imefungwa. Haya yote yalikuwa yetu, hayakuletwa na mtu.

Kisha njia zikafunguliwa. Misikiti nayo ikafunguliwa mwezi wa Julai, kwanza kwa watu wasiozidi 100 na kwa saa moja, kisha pole pole ikarudi hali yake. Na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ile dharura imekwisha. Yaliyorudi pamoja na milango iliyofunguliwa nitayasema kwa nyumba yangu tu, nisimsengenye mtu mwingine.

Wana wa ami waliona kuwa baba yao hakuzikwa kwa heshima. Ulipotimia mwaka, wakaazimia kumfanyia khitima kubwa "ya kulipia". Sitaki hapa kuingia katika mjadala wa kusomewa maiti. Wanavyuoni wana maneno yao, na darsa yetu imekwisha yazungumza. Nasema juu ya chakula. Walichinja ng'ombe wawili. Mchele ulitoka kwa mkopo katika duka langu, kwa hiyo hesabu yake naijua gunia kwa gunia. Na ami alikuwa ameacha watoto wawili wadogo kwa mke wake wa pili, nao wana fungu lao katika mirathi ambayo ilikuwa haijagawanywa. Mali ya yatima haipikwi wali wa wageni, hata wageni wakiwa ni masheikh. Hili halina khitilafu. Nilijua, na mchele nikatoa. Tena nilikaa mkekani katika safu ya mbele, nikala, nikajaziwa sahani mara ya pili. Hii ndiyo aibu yangu ya pili, nayo ni kubwa kuliko ile ya magunia, kwa kuwa ile ilinidhuru mimi, na hii iliwadhuru mayatima.

Mkaza ami, aliyekaa eda ya miezi minne na siku kumi katika mji uliofungwa, pasipo wanawake wenzake kuweza kumjia kumliwaza, ndiye aliyeniambia neno siku ile jikoni, nilipokwenda kumpa mkono wa heri kutoka nje ya pazia. Alisema, "Mwanangu, mwaka ule wa Korona nililia peke yangu, lakini nililala. Leo silali kwa deni."

Deni la mchele nimelifuta. Silisemi ili nisifiwe. Nalisema kwa kuwa baadhi ya wasomaji wangali wakilitaja mitaani. La ng'ombe silimiliki mimi, na mpaka naandika haya halijamalizwa.

Kwa ajili hiyo sisi wa darsa tumepatana jambo dogo. Mtu akifiwa katika mtaa wetu, nyumba kumi za karibu zitampikia siku tatu kwa zamu: mchana nyumba moja, usiku nyumba nyingine, chakula cha watu wa nyumba ile tu na wageni wao waliotoka safari. Chakula kitapelekwa mlangoni, na aliyekipeleka atatoa pole kisha arudi kwake, hatakaa kukila. Masufuria yatatiwa alama yasipotee. Tumeianza zamu hii katika misiba miwili. Wa kwanza ulikwenda vyema. Wa pili wafiwa walikataa, wakasema watu watawadhania ni mafakiri, wakakodi mahema kama kawaida. Hatukugombana nao, tuliwapelekea chakula vile vile, nacho kililiwa na watoto.

Anayetaka jina lake liandikwe katika zamu na aje baada ya darsa ya Jumamosi, baina ya Maghribi na Isha, amwone mwenye daftari. Wanawake wao wana daftari lao, na hadi sasa majina yaliyomo ni mengi kuliko ya kwetu.